Goli Moja la Orest Dumanski

Padri Ihor, wifi yangu Lesia, ndugu waombolezaji wote, na ninyi wa Kalyna mliojibana kule mlangoni kama watu wanaotafuta njia ya kutoroka, nianze kwa kusema kwamba kazi hii sikuiomba. Marehemu ameacha mtoto daktari wa meno na mtoto mwalimu, wote wamesoma hadi tukachoka kuwapikia sherehe, lakini jana jikoni wakanigeukia, "Shangazi, soma wewe, sisi tutalia," kana kwamba macho yangu mimi yamechongwa kwa mti. Mimi ni Nastia, dada mkubwa wa marehemu, shule niliacha darasa la tano nikakamue ng'ombe, kwa hiyo atakayenisikia nimekosea mwaka asinisahihishe hapa, anifuate wakati wa chakula, nitakuwa na mwiko mkononi.

Marehemu Orest alizaliwa tarehe 14 Februari 1943, shambani kwetu kaskazini ya Vesna, hapa hapa Saskatchewan, akiwa mtoto wa mwisho wa marehemu Havrylo na marehemu Tekla Dumanski, na kwa kuwa alitoka mkubwa, kimya, mabega mbele, baba yetu alimtazama akasema, "Huyu si mtoto, huyu ni mlango," na sijui kama kuna mtu aliyewahi kumweleza vizuri zaidi ya hapo.

Alianza masomo mwaka 1949 katika shule ya Vesna, ambako mwalimu alisema Kiingereza na sisi tukasema tulichonacho, akamaliza darasa la nane mwaka 1957, lakini shule yake hasa ilikuwa dimbwi la kunyweshea ng'ombe nyuma ya ghala, ambalo likiganda tu alikuwa juu yake, amevaa viatu vyangu vya kuteleza barafuni, viatu vya kike, vyeupe, alivyovipaka masizi ya jiko ili wenzake wasimcheke, wakamcheka vilevile. Kaka zetu walitaka kufunga magoli, wakamwambia yeye asimame nyuma, akasimama, na ninaweza kusema kwamba hakuondoka pale tena.

Kazi ya hoki ya barafuni aliianza Septemba 1961, alipopanda treni na begi la baba na kikapu cha perohi, maandazi yetu ya viazi ya kuchemsha, ambacho hakikufika hata stesheni ya pili, akacheza miaka sita katika timu ndogo ndogo za miji ambayo mimi sikuwahi kuiona, mpaka Oktoba 1967 alipoitwa ligi kuu, kwenye timu ya mji wa ziwani, ile yenye nembo ya kichwa cha samaki mwenye meno. Alikuwa beki. Kwa wale wajukuu wanaodhani hoki ni kupiga tu, beki kazi yake ni kusimama mbele ya goli, kama hapa uwanjani lilipowekwa jeneza lake leo, na kisahani, kile kidude cheusi cha mpira mgumu kinachogombewa, kila kikija akizuie kwa gongo, kwa goti, kwa mbavu, na kwa uso, na Orest alizuia kwa vyote, ndiyo maana pua yake ilikuwa inatazama Manitoba na meno manne ya mbele aliyaacha kwenye viwanja vya watu. Alicheza ligi kuu miaka sita na hakuwa na uchu wa kufunga, akimwona mwenzake yuko huru alimpa, akimwona hayuko huru alimpa vilevile.

Sasa hapa inabidi nimlete Yurko Zalusky, huyu mzee aliyekaa mstari wa mbele na skafu mdomoni, mnayedhani anaumwa na koo. Yurko ni mtu wa Kalyna, mji jirani, alikuwa kipa wa ligi kuu hiyohiyo, timu ya upande wa mashariki, na ni kaka yake Lesia. Mwezi Agosti 1968 Orest alipokwenda kwa akina Zalusky kumposa Lesia, Yurko alishiba, akanywa, akasimama mbele ya meza nzima, mimi nikiwepo, akasema, "Mlango mwema, dada yangu mchukue, lakini kunifunga mimi, wewe? Siku utakayonifunga, kile kisahani nitakila! Nitakila chote, na krimu chachu juu!" Orest aliendelea kula.

Tarehe 9 Machi 1969, katika mji wa ziwani, timu hizo mbili zilikutana, na sisi Vesna tulikuwa tumejazana kwa mzee Kostash tukisikiliza redioni. Orest yuko kwenye mstari wa bluu, wenzake wamechoka wanataka kupumzishwa, akakipiga kisahani kwa nguvu kule pembeni ili kiende mbali, basi, na Yurko, kwa kuwa alijua beki huyu hapigi golini, akatoka akaenda nyuma ya goli lake kukisubiri, na kisahani kikagonga kiungo cha mbao za ukingo wa uwanja, kikageuka, kikateleza polepole mpaka ndani ya goli tupu. Marehemu hadi anafariki alishikilia kwamba alilenga. Mimi namheshimu marehemu, kwa hiyo alilenga.

Ninyi nyote mnajua desturi yetu, kwamba mchezaji akifunga goli lake la kwanza ligi kuu, mwenzake huenda kukitoa kile kisahani wavuni, kikafungwa utepe, kikaandikwa jina, kikawa chake mpaka kufa, na kwamba kipa hakigusi, hata awe na hasira vipi. Wenzake Orest walipomaliza kumkumbatia wakaenda wavuni, wavu ulikuwa mtupu. Walitafuta chini ya mabenchi, walimtafuta hadi refa mifukoni, na Yurko akasema, "Mimi nimeona mtu wa jukwaani amekinyakua, mwenye kofia nyekundu." Refa akatoa kingine, mchezo ukaendelea, na hilo ndilo lilikuwa goli la kwanza la Orest na la mwisho.

Marehemu alifunga ndoa na Lesia tarehe 12 Julai 1969 katika kanisa letu la Vesna, na karamuni wanawake tulimwekea Yurko sahani tupu na bakuli la krimu, naye akaikunja mikono akasema, "Mimi ni mtu wa neno langu. Leteni kisahani nile!" Watu wakacheka, Orest naye akacheka, lakini nilimwona usoni. Huyu mtu hakutaka kitu duniani, nyumba ilivuja hakusema, goti lilivimba hakusema, ila kisahani kile alikitaka, na alimwambia Lesia, akaniambia na mimi, "Kikipatikana, nizikwe nacho." Walijaliwa watoto wawili, Danylo aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1971 na Marta aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 1974, pamoja na wajukuu watano, na mmoja wao, Solomia, ni beki, na pua yake imeanza.

Mwaka 1973 goti lilimkatalia, akarudi Vesna, akalima ngano na kuutunza uwanja huu, yeye ndiye aliyemwaga maji na kuyalaza yakawa barafu kila msimu, na aliwafundisha watoto wa Vesna kusimama nyuma bila kulalamika. Mwaka 1982 kamati ya uwanja ilitaka vitu vya wachezaji wa zamani vya kupamba ukuta, wakaenda hadi Kalyna, Yurko akiwa ziwani anavua, mkewe akawapa vile vikinga-miguu vyake vya ukipa, vya ngozi, vilivyoshindiliwa manyoya ya farasi, vikatundikwa juu ya mlango ule pale. Tangu siku hiyo Yurko hakukosa mechi hata moja hapa Vesna, anakaa palepale chini yake, anatazama juu, na sisi tukasema, maskini, anakumbuka ujana.

Marehemu alianza kuugua moyo Novemba 2018, akalazwa Saskatoon, akatoka, akalazwa tena mwezi wa Januari, na safari hii madaktari walisema na Lesia koridoni, si chumbani. Mwezi wa Februari, Jumamosi ya mechi ya watoto, nilikuwa mlangoni pale nauza perohi kama kawaida, Yurko amekaa chini ya vikinga vyake kama kawaida, ghafla kitu kizito kikadondoka kutoka juu, pwaa, katikati ya sinia langu. Panya walikuwa wametoboa ngozi. Nikakifuta siagi kwa aproni, nikaona kichwa cha samaki mwenye meno.

"Yurko," nikamwita.

"Naam, Nastia."

"Hiki ni nini?"

"Panya hao, wanaokota kila kitu."

"Panya wa Vesna walicheza ligi kuu?"

Nikamwambia awashe gari. Njia nzima hadi Saskatoon alinieleza bila kuulizwa, kwamba alikisukuma kwenye tundu la kikinga kwa aibu, kwamba mama yake, ambaye kila kiangazi alimshonea vikinga, alilishona lile tundu kwa uzi wa kushonea viatu, na kwamba mkewe alipovigawa angewezaje kuja kuviomba bila kusema sababu. "Nilikuwa naogopa kila chemchemi, Nastia, barafu ikiyeyuka na mbao zikilia." Nikamwambia atazame barabara.

Orest alikuwa amekonda, mlango umebaki fremu. Nilimwekea kisahani kiganjani. Alikigeuza, akakinusa, akakishika kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka huyu mtu ambaye alishonwa shavu bila ganzi. Yurko alisimama pale mlangoni na kofia yake mkononi, akaanza, "Shemeji, nisamehe..."

"Nimeshakusamehe," Orest akasema. "Lesia, ile krimu ya perohi bado ipo?"

"Ipo," akasema Lesia, aliyekaa kando ya kitanda, na kaka yake alipomtazama hakumsaidia, alikuwa anafungua kopo.

"Orest, mimi mzee wa miaka sabini na tisa!"

"Ndiyo uanze mapema. Wewe si mtu wa neno lako?"

Kikapakwa krimu juu, Yurko akafumba macho, akauma. Kilisikika kitu kikivunjika, na hakikuwa kisahani. Orest alicheka, alicheka mpaka mashine ikaanza kupiga kelele na wauguzi watatu wakaingia mbio, na Lesia akawaambia, "Tulieni, hafi, anacheka." Alitufia wiki mbili baadaye, tarehe 2 Machi 2019, asubuhi, kisahani kikiwa chini ya mkono wake, na nilikuwepo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza zamu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Saskatoon, hasa yule dada aliyekusanya vipande sakafuni, inawashukuru majirani waliopika tangu Jumapili, wachezaji wenzake wa zamani waliokuja kutoka mbali na magoti yao ya chuma, na Padri Ihor, aliyetukubalia tuliyoyaweka ndani ya jeneza.

Kwa maana Orest anakwenda na kisahani chake, kimefungwa utepe na Solomia ameandika jina, na kando yake, kwenye leso safi, yamo meno ya bandia ya juu ya Yurko Zalusky, yote, nusu mbili, kwa kuwa marehemu alipoulizwa yatupwe wapi alisema yeye aliacha manne uwanjani na anataka fidia. Yurko alimwendea Danylo, mpwa wake, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, na Danylo amekubali kumtengenezea mengine, ila baada ya arobaini. Kwa hiyo leo kuna perohi, kuna nyama ya kuvuta moshi, karibuni sana, na yeye nimemwekea supu.

Lala, mdogo wangu. Goli lako limehesabiwa.