Mama Inama Anaacha Kitoroli cha Chai

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Inama anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha tiba ya viungo cha hospitali yetu. Jina hilo alipewa na wagonjwa. Mtu akilalamika kwamba miguu inakufa ganzi akitembea, lakini akiketi anapata nafuu, alipokelewa kwa neno lilelile: "Inama kidogo, baba. Haya, sasa tuongee."

Sisi aliotufundisha kazi alitueleza kwamba njia ya mishipa ya fahamu kiunoni huweza kuwa nyembamba kadiri umri unavyokwenda. Ukiinama, inapanuka kidogo. Ndiyo maana wagonjwa hao hupenda kuegemea kitu wanachokisukuma.

Yeye na daktari wetu wa upasuaji walipendana na kuvutana kila wiki. Daktari akitaja kisu, Mama Inama anaomba kwanza mazoezi, baiskeli isiyosonga, dawa za maumivu, na ikibidi sindano ya mgongoni. Wengi walirudi makazini bila kushonwa hata uzi mmoja, naye hakuacha kumkumbusha daktari kila walipokutana kwenye lifti.

Sasa kile kisa chenyewe. Miaka minne iliyopita alianza kutuletea chai kila asubuhi, akisukuma kitoroli korido nzima. Tukamsifu kwa ukarimu. Kitengo kizima cha wataalamu wa migongo, tunakunywa chai na kushukuru! Hata yeye hakushtuka kwamba alikuwa akikiegemea, mpaka gurudumu lilipovunjika na kitoroli kikapelekwa kwa fundi. Alitoka jikoni na birika mkononi, na kufika mlango wa famasia miguu ikagoma. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akacheka sana. Kisha akalia kweli, maana kazi yetu ni ya kusimama, na aliona inamponyoka.

Hakujipendelea. Alianza na mazoezi, akaja kwenye dawa, kisha sindano, iliyompa nafuu ya miezi michache. Lakini mguu wa kulia ulipoanza kulegea na kuburuta, hakungoja, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba mguu ukiishiwa nguvu daktari auone haraka. Akapiga moyo konde, akamgongea mlango daktari, akamwambia zamu hii ameshinda. Daktari hakucheka. Aliondoa mfupa uliokuwa ukibana, akatukabidhi mgonjwa mbishi kuliko wote tuliowahi kuwa naye, na baada ya miezi ya mazoezi akarudi kazini. Tangu hapo, akimwambia mgonjwa kwamba kisu kingoje, au kwamba kisingoje, mgonjwa anamwamini.

Tunajivunia kwamba ulitulea, mama. Ahsante kwa kila mgonjwa aliyetoka hapa kwa miguu yake. Ijumaa chai italetwa na daktari wa upasuaji. Ameomba mwenyewe kusukuma kitoroli. Wewe utamtangulia korido nzima, mikono mitupu, mgongo wima.

Kila la heri nyumbani, Mama Inama. Ukiinama tena, iwe ni kuwabusu wajukuu.