Koti Gumu la Chaitra

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda cha Gangamma, nyuma ya soko, hapa Mysuru, ng'ambo ya uwanja wa shule. Benchi ni bamba la jiwe lililolala juu ya matofali, na kila mtu ana pahali pake. Kushoto anakaa Mwereka, aliyekuwa mpiganaji wa mieleka enzi zake, na mpaka leo anaamini hakuna ugonjwa usiotibika kwa mafuta ya ufuta na mikono yake miwili. Katikati ni Redio, mstaafu wa reli, ambaye hajawahi kuulizwa swali akasema hajui. Kulia ni Futi, fundi cherehani, mtu mpole, jina tulimpa sababu futi yake haitoki shingoni hata akienda msibani. Mimi ni Spoki, natengeneza baiskeli hapo pembeni, kwa hiyo nina haki ya kukaa na haki ya kusimama. Gangamma anamimina kahawa ya maziwa kutoka kikombe kwenda bakuli, juu chini, juu chini, mpaka povu lisimame. Yeye huongea kwa nadra, na akiongea ni kutufukuza.

Asubuhi moja Futi alikuja na sketi ya shule mkononi, uso umemkunjamana.

— Jamani, macho yananiacha, — akasema.

— Umejidunga sindano? — Redio akauliza.

— Sketi ya Chaitra hii. Nimefumua pindo, nimeshona, nimefumua tena. Mezani iko sawa. Akiivaa, upande mmoja unapanda. Fundi wa mtaa mzima, halafu mwanangu anakwenda shule kama kashonewa gizani!

— Mwambie asimame wima, — Mwereka akasema.

— Anasema kasimama wima.

Tulimcheka. Fundi mwenyewe kashindwa na pindo! Lakini siku ya kuoga mafuta, alfajiri ya Dipavali, sikukuu ya taa, mama yake Chaitra alipokuwa akimpaka binti mafuta mgongoni, mkono wake ulikwama. Bega moja lilikuwa juu. Mfupa wa bega la kulia ulichomoza kama bawa la kuku. Na mstari wa katikati ya mgongo, ule unaopaswa kushuka sawa, ulikwenda kando, kisha ukarudi.

Futi alipotusimulia hatukucheka tena.

— Sketi haikuwa na kosa, — akasema. — Nilikuwa nafumua sketi, kumbe ni mtoto.

Chaitra alikuwa na miaka kumi na miwili. Mtoto mwembamba, mdomo kama wembe, na mchezo wake ni kho-kho, ule wa kukimbizana wakati wenzako wamechuchumaa mstarini. Hapo uwanjani hakuna aliyekuwa akimkamata.

— Begi la shule hilo, — Redio akaanza. — Watoto wa siku hizi wanabeba vitabu kama mahamali.

— Begi wanabeba wote, mbona kapinda mmoja? — nikamuuliza.

— Basi analala upande mmoja.

— Wewe unalala upande mmoja miaka sabini, — Mwereka akamwambia. — Mimi nasema mama yake alitoka nje jua likiwa limepatwa, mimba tumboni. Kivuli kilimgusa mtoto.

— Kivuli! Ni ule mnara wa simu juu ya ghala. Unavuta mifupa. Mbona na mnazi wa jirani umeinama?

— Mnazi uliinama kabla ya simu kuzaliwa!

— Bwana we, sikia, — Redio akasema, akaweka kikombe chini, ndipo tukajua sasa inakuja kubwa. — Dunia yenyewe imekaa upande. Wanasayansi wanakubali. Sasa mtoto akikua haraka juu ya kitu kilichokaa upande, anafuata mkao wake. Mtoto wa watu hana ugonjwa. Anaisikiliza dunia.

Lilikuwa jambo la kijinga lililosemwa vizuri.

— Ninampeleka hospitali, — Futi akasema.

— Haraka haraka haina baraka, — Mwereka akamkanya.

— Ngoja ngoja huumiza matumbo, — nikamjibu.

— Matumbo, Spoki. Huyu anaumwa mgongo.

Futi hakutungoja tumalize. Aliporudi alikuwa na bahasha kubwa ya eksirei, na maneno ya daktari kayashika kama mtoto aliyeshika sura ya kusoma shuleni.

— Daktari ni mwanamke, — akasema. — Kamwinamisha Chaitra mbele, mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mbavu ukanyanyuka kama kichuguu. Akasema hiki si kibiongo. Uti wa mgongo umepinda kwenda kando na hapo hapo umejizungusha, kama kitambaa unachokikamua. Ugonjwa wenyewe unaitwa skoliosisi.

— Na sababu? — Redio akauliza, tayari kupokea pongezi.

— Kasema kwa watoto wengi kama huyu, sababu haijulikani. Si begi, si kulala, si kosa la mama.

— Haijulikani! Na anaitwa daktari?

— Na kisu? — Mwereka akauliza.

— Hapana kisu. Kasema ukipinda kidogo, wanautazama tu, kila baada ya miezi. Ukipinda sana, ndiyo kisu. Huyu wa kwetu yuko katikati, digrii ishirini na saba, na bado ana kukua kwingi. Atavaa koti gumu la plastiki, mchana na usiku. Alivue kuoga, kucheza na kufanya mazoezi yake. Mpaka amalize kukua.

— Mpaka amalize kukua! — Mwereka akasimama. — Futi, ndugu yangu, mlete kwetu kwenye nyumba ya mieleka Jumapili. Nimpake mafuta, nimkandamize mara moja, mifupa irudi kwao. Samaki mkunje angali mbichi!

— Huyu kashakunjika, — nikasema. — Tunataka kumkunjua!

— Methali ni hiyo hiyo, unaigeuza tu.

Mimi nilicheka, lakini Futi hakucheka, na hapo nikaona hatari. Nyumbani dada yake mkubwa alikuwa amemkalia kooni. Koti la nini? Watu watajua. Kesho nani atamposa msichana anayelia kama ndoo akigongwa? Bora akandwe kimyakimya, yaishe. Futi alimtazama Mwereka, akaitazama ile mikono iliyowahi kuangusha wanaume.

— Jumapili saa ngapi? — akauliza.

— Sitaki.

Tukageuka. Chaitra alikuwa amesimama nyuma yetu na sare ya shule. Sijui alifika lini.

— Mnaujadili mgongo wangu kama mnanunua ng'ombe, — akasema.

— Mwanangu, babu Mwereka anataka kukusaidia, — Futi akasema.

— Shikamoo, babu Mwereka. Goti lako limepinda tangu sijazaliwa. Mbona hujalikandamiza?

Redio alipaliwa na kahawa. Mwereka akalitazama goti lake kama mtu aliyeletewa shahidi.

— Daktari nilimuuliza mwenyewe, — binti akaendelea. — Nilimuuliza, nikikandwa? Akasema kukandwa kunatuliza misuli, uti haunyooki. Nikamuuliza, koti litaninyoosha? Akasema haahidi. Kazi ya koti ni kuzuia uti usiendelee kupinda, na kwa wengi wanaolivaa sawasawa, linazuia. Mimi nataka hilo.

— Na shangazi yako je? — Futi akauliza taratibu. — Na watu?

— Baba, watu watavaa wao?

Futi akainama. Kisha akamwambia Mwereka: — Ndugu yangu, Jumapili hatuji.

Koti lilikuja, jeupe, gumu, limefinyangwa kwa umbo lake, na mikanda nyuma. Wiki ya kwanza alitembea kama amemeza mwiko. Wiki ya pili wenzake waligundua kwamba ukiligonga linalia, wakawa wanamgonga tumboni: hodi, hodi! Naye anajibu: — Mwenyeji hayupo, kaenda kukua! — Basi, mzaha ukafia hapo, maana utamtania vipi mtu aliyekutangulia?

Na mazoezi yake hayakuwa ya kujinyonganyonga ovyo. Mtaalamu wa viungo alimfundisha kusimama mbele ya kioo, kujirefusha kama anavutwa utosi, halafu avute pumzi aipeleke upande ule uliobonyea, mbavu zifunguke pale pale. Jioni nyumbani kwa Futi unasikia cherehani ikinyamaza na baba akisema: — Upande wa kushoto, mama, jaza kushoto.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba alikuwa chuma. Aprili iliingia. Joto la Aprili mnalijua, hata mbwa wanahama kivuli hadi kivuli. Chini ya koti ngozi ilichubuka, ikatoka vipele, fulana ikaacha alama za mishono kama kachapwa. Chaitra akawa analivaa akitoka nyumbani na kulivua akifika shule. Usiku analilegeza. Hakuna aliyejua, mpaka eksirei ya miezi sita iliposema yenyewe: digrii thelathini na moja.

Siku hiyo Futi alikaa kijiweni hakuagiza kitu.

— Nimempigia kelele, — akasema. — Njiani, mbele ya watu. Nikamwambia, unataka kisu? Unajua kaniambia nini? Kaniambia, Baba, wewe unalivaa lini?

Redio akamsogezea kikombe chake mwenyewe.

— Kisha akalia. Miezi yote hii hajawahi kulia. Akaniinulia fulana ubavuni nikaona ngozi yake. Jamani! Mimi nashonea watu suti za harusi, na mwanangu anachunwa na mshono wa fulana ya dukani.

Akanyanyuka akaenda kufunga duka lake. Siku nzima mlango ulikuwa umefungwa, cherehani inalia ndani. Alikuwa akitengeneza fulana ya pamba laini, nyembamba, isiyo na mshono ubavuni wala mkunjo kiunoni, inayolala kwenye ngozi kama pumzi. Ya kwanza ilibana. Ya pili ilikunjamana. Akafumua, akakata upya, akamwita binti ajaribu, akamuuliza: hapa je? Na hapa? Alikuwa akimuuliza yeye, si daktari, si shangazi, si sisi. Kesho yake wakaenda tena kwa yule anayetengeneza makoti, akalipunguza pale lilipokuwa linamla. Chaitra akalivaa. Hakulivua tena ila kwa saa zake.

Tangu hapo kijiwe kilibadilika bila mtu kutangaza. Akipita asubuhi, kifua mbele, Redio anapunguza sauti. Mwereka alianza kwenda kutazama kho-kho, anafoka pembeni ya uwanja kama yeye ndiye kocha. Mama mmoja wa Nanjangud, binti yake katoka kuambiwa habari ile ile, alimleta kwa Futi kushonewa fulana. Mtoto hakutaka hata kumtazama mtu usoni. Chaitra akamkalisha ndani, wakafunga mlango. Walipotoka, yule mtoto alikuwa anacheka na kuligonga koti la mwenzake.

Miaka ikaenda. Mwaka huu, baada ya mvua, daktari alisema amemaliza kukua. Akapiga eksirei ya mwisho: digrii ishirini na tisa. Koti lianze kuvuliwa polepole, kisu hakuna. Futi alikuja na ile eksirei mbio, akaishika juu tuione kwa mwanga wa jua.

— Mbona bado umepinda? — Redio akasema, akiisogelea.

— Umepinda, ndiyo, — Futi akasema, na sijawahi kumsikia akisema kitu kwa fahari namna ile. — Umesimama karibu pale pale tulipoukamata. Utazame! Huo ndio mgongo wa mwanangu.

— Niliwaambia, — Mwereka akasema. — Mtoto alihitaji nidhamu. Ni mimi niliyemfokea uwanjani kila jioni.

— Nidhamu gani? Mimi ndiye niliyesema tangu mwanzo ana jambo la dunia nzima, — Redio akasema. — Nililitambua kabla ya daktari.

— Na aliyemnyima kahawa anywe maziwa ni nani? — Gangamma akafoka kutoka ndani. Hata yeye!

— Spoki naye alimpa baiskeli ya kwendea kliniki, — nikasema, maana kunyamaza ni kujidhulumu.

— Na fulana? Mmesahau fulana? — Futi akadakia.

Tukashikana mashati kwa maneno. Pembeni alikaa mteja wangu, mgeni, muuza rangi wa kutoka Mandya, akingoja nimzibie pancha. Alikuwa amesikiliza yote, kikombe mkononi. Akaitazama ile eksirei, akatutazama mmoja mmoja.

— Samahanini wazee wangu, — akasema. — Hilo koti, kati yenu, nani alilivaa?

Mwereka akaanza kulisugua goti lake. Redio akatafuta kitu ndani ya kikombe chake. Mimi nikakumbuka pancha.

Futi akasimama, akanyoosha mkono kuelekea uwanjani, ambako wasichana walikuwa wamechuchumaa mstarini na mmoja anakata kona huku vumbi linamfukuzia.

— Yule, — akasema. — Yule wanayeshindwa kumkamata.