Mwalimu Abner Mputu, Aliyekata Utepe Kabla ya Waziri

Mwalimu Abner Mputu amefundisha Kemia kwa miaka ishirini na minne, na leo, tarehe 30 Juni 1999, anastaafu. Chuo chake hakikumfanyia sherehe. Sherehe hii ni ya shule yetu ya sekondari, ambako amekuwa akitufundisha Jumamosi bila mshahara. Wenzake wa chuoni waliombwa kuandika wasifu wake. Kila mmoja alikuwa na shughuli. Kwa hiyo tumeuandika sisi wanafunzi.

Alizaliwa Kabongo, katika familia ya Kimethodisti iliyomtaka awe mchungaji. Yeye akapenda maabara. Madoa meupe kwenye koti lake la bluu ni ya dawa. Mwenyewe huyaita medali, kwa kuwa serikali haijampa nyingine.

Tangu tumjue, alitamani jambo moja: kabla ya kustaafu, aone walau mtafiti mmoja wa mji wetu wa Kamina anafungua karakana, anatengeneza alichogundua, anauza na kuajiri watu. Lakini chuoni kwao, mwanafunzi akimaliza kutetea utafiti wake, mbuzi huchinjwa, bia hufunguliwa, na utafiti hufungiwa kabatini. Mwalimu aliharibu karamu nyingi kwa swali lake: « Muzuri sana. Sasa njo nani atatengeneza, na njo nani atauzisha? » Siku moja mwenzake, asiyetaka kukaa sokoni na wauza dagaa, alimjibu, watu wakacheka: « Baba, tulisoma miaka yote ile juu ya kuikala ku soko na bamama ba ndagala? »

Jessé, asistanti wake, yaani mwalimu msaidizi, hakucheka. Pamoja waliunda mtambo unaopitisha umeme wa betri ya lori katika maji ya chumvi na kutoa javeli, dawa ya kuua vijidudu vya maji. Vijiti vya makaa walivitoa ndani ya mawe ya tochi, yaani betri kavu, na walimu waliopotewa na mawe yao walijua pa kuuliza. Mama Amisa, mfanyabiashara wa chumvi, akawa mshirika: yeye chumvi na chupa, wao elimu.

Mkurugenzi wa chuo alifurahi kupita kiasi. Aliuweka mtambo ukumbini, akauzungushia utepe, akakataza usiguswe mpaka waziri aje kuuzindua. Ndivyo tulivyozoea, hata bomba la maji kwetu hungoja mkasi wa mkubwa. Kisha vita vikaanza. Waziri hakuja. Treni iliyokuwa ikileta javeli kutoka Lubumbashi nayo haikuja. Waliokuja ni wakimbizi, wakalala kandokando ya reli, na kipindupindu kikawakuta hapo.

Mama Amisa alimfuata mwalimu ukumbini. « Mwalimu, bantu beko banakufa, na weye uko unachunga kamba? Miye niko na mukasi ya kukatia bitenge. Kamata! »

Mwalimu alikata. Jessé alibaki mlangoni, akasema ataomba ruhusa kwanza.

Mtambo ulitolewa ukumbini, na majuma yaliyofuata mwalimu alitengeneza javeli na kuiuza sokoni katika chupa za bia, tai shingoni, na asiye na kitu alipewa bure. Wagonjwa walipungua. Baraza la chuo likamwita na kumpa chaguo: aombe msamaha kwa kuiaibisha elimu kwa uchuuzi, au astaafu kabla ya wakati. Hakuomba msamaha. Mtambo ulirudishwa ukumbini, unajaa vumbi. Jessé ndiye aliyekuwa katibu wa kikao kile. Sasa anafundisha somo la mwalimu wake.

Kesho Mwalimu Abner anaanza kuunda mtambo mwingine nyuma ya duka la Mama Amisa. Hana asistanti. Walimu wa chuo mliokaa viti vya mbele, asanteni kwa kuja. Njia ya kwenda huko dukani mnaijua.

Nawe Mwalimu, asante kwa maji tuliyokunywa tukaishi. Tunakuombea uzee wenye afya, chumvi isiyokwisha, na mtu wa kukushikia upande wa pili wa mtambo, maana ni mzito, na peke yako hutauinua.