Theodosia Anastazi na Kijana Aliyemtoa Kundini

Kila asubuhi, kabla ya kufagia ua, marehemu Theodosia Anastazi alipanda kichuguu cha nyuma ya jiko, akainua simu mpaka mtandao ukashika. Ndipo aliposalimia kundi: "Mmeamkaje, wapendwa? Nani kaonekana?"

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 kijijini Mugoma, Ngara, akasoma hadi darasa la saba. Mwaka 1986 alifunga ndoa takatifu na Celestini, wakalima migomba na kahawa.

Warundi walipovuka mpaka kwa wingi mwaka 2015 wakikimbia machafuko kwao, mwanawe Audax alimfungulia kundi la WhatsApp, Tutafutane, ili waliopotezana njiani waulizane. Kuingiza mtu na kumtoa kulikuwa mkononi mwa marehemu.

Kijana mmoja alikuwa akimtafuta mama yake humo. Wiki moja alijiita Ntakirutimana, wiki iliyofuata Niyonkuru. Watu wakamwandama.

"Mpelelezi huyo! Mtu wa majina mawili ana roho ngapi?"

"Mama Audax, unangoja nini? Mtoe!"

Akamtoa.

Haukupita mwezi, akaingia mama mmoja, Esperansia, kutoka kambi ya Nduta. Akaandika: "Shikamoo mama. Namtafuta mwanangu. Ana majina mawili, la ubatizo na lile nililompa tukikimbia, asitambulike." Marehemu akapiga namba ya kijana. Haikupatikana siku hiyo, wala miaka iliyofuata.

Tangu hapo hakumtoa mtu kwa kelele za wengi. Alimpigia kwanza, akamsikiliza, akauliza nani anamfahamu. Waliotukana na kutisha wenzao aliwatoa kweli, ila aliwaambia kosa lao na lini warudi. Saidi wa dukani alimtania, "Mama, hili ni kundi au baraza?"

"Hata mwizi wa ndizi huulizwa kabla ya kufukuzwa kijijini," akajibu.

Presha ilianza kumsumbua mwaka 2019. Hata kitandani aliuliza, "Hajaonekana?" na wa nyumbani walijua anamuulizia nani. Presha hiyo ndiyo iliyomwangusha stendi ya Nyakanazi, mchana wa Jumanne, tarehe 11 Februari 2020, akafariki papo hapo.

Ameacha mume, mwana Audax, mkwe Priscila, mjukuu Nice, na Esperansia aliyemwita dada.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amesikia kuna kijana wa Kirundi anaosha malori Nyakanazi, anamuulizia mama yake kwa kila dereva.

"Pumzika, utaenda kesho," Celestini alimsihi.

"Kesho atakuwa kwingine, baba Audax."

Mungu ampe pumziko lake. Alijifunga kitenge, akatoka akiwa bado anafunga fundo, akashika njia ya barabarani, wala hakurudi.