Kinini Nyuma ya Ukuta

Mwaka wa 1998 nilikuwa na miaka thelathini na minne, na nilikuwa mutu wa kujivuna sana. Naanzia hapo kwa sababu wengi wenu mulioketi kwenye benchi hizi za kanisa munanijua tayari na mvi. Munaniita Papa wa Depo, munafikiri nilizaliwa na heshima hiyo. Hapana. Muniachie nafasi niseme mara moja, nisirudi tena hapa mbele kwa jambo hili.

Masomo yangu yaliishia mwaka wa nne wa primeri. Baba alikufa, nikaenda Kanyabayonga kubeba magunia ya maharagwe sokoni. Mugongo wangu ndio ulioninunulia viatu vya kwanza. Kutoka mubebaji nikawa mulinzi, kutoka mulinzi nikawa mwenye ufunguo wa depo ya dawa hapa Butembo. Hakuna aliyenisukuma. Depo ile ililisha vituo vya afya vya milimani, mpaka Vuhovi, mpaka Alimbongo. Waganga wa vituo hivyo walifika wakisukuma baiskeli, jasho linawatoka, na mimi nawaambia bila hata kunyanyuka kwenye kiti: serumu ya kutundika iko, kinini ya malaria iko boksi saba, dawa ya minyoo imekwisha.

"Papa, unaandikaka wapi?"

Nawaonyesha kichwa. Na sikukosea.

Fishi zilikuwepo. Fishi ni karatasi ngumu, kila dawa na yake, inatundikwa kwenye musumari juu ya rafu. Inasema kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na tarehe ambayo dawa itaharibika. Daktari, mukubwa wangu, ndiye aliyezijaza. Mimi nilizipangusa vumbi tu.

Vita vya pili vya nchi yetu vilipoingia, askari walifika depo. Sisemi wa upande gani. Walipita wengi, na wote waliumwa malaria. Mumoja wao alijua kusoma. Akatoa fishi kwenye misumari, moja moja, kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi.

"Kinini, boksi kumi na mbili. Iko wapi?"

"Ilikwisha, shefu."

"Hapa baliandika kumi na mbili. Karatasi yako njo inasema, hapana miye."

Walibeba kila kilichoandikwa. Kilichobaki ni kile ambacho daktari alikuwa hajapata nafasi ya kuandika.

Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nilijifunza somo la uongo, nikalishika vizuri kuliko somo lolote la primeri: kwamba adui wetu ni karatasi. Nilikusanya fishi zote nikazichoma kwenye jiko la muke wangu. Muzigo uliofuata ulipofika, kinini boksi kumi na moja na serumu zake, nilijenga ukuta wa pili mwisho wa depo. Nilipiga mbao usiku, nikakandika udongo, nikapaka chokaa kama kuta zingine. Wenye maduka wengi wa muji huu walifanya hivyo na vitenge vyao. Mumoja yuko hapa, namuona anacheka. Lakini kitenge kikikosekana, mutu anavaa cha zamani.

Daktari nilimuambia tu kwamba nimeficha dawa, sikumuambia wapi. Hakunikataza. Alisema tu, "Sawa, ficha. Lakini mutu wa pili ajue iko wapi, na ngapi."

"Mutu wa pili njo mutu wa kwanza wa kusema, dokta."

"Hata miye nisijue?"

"Hata weye. Bakikupiga, utasema."

Akarudi ofisini kwake. Alikuwa amesoma kuliko sisi wote, na mimi wa mwaka wa nne nilikuwa nimemushinda kwa maneno. Nilirudi nyumbani nikipiga muluzi.

Siku hizo yaya yangu, dada yangu mukubwa, alikuwa amekimbia kutoka Vuhovi, akaja kukaa kwangu na binti yake wa miaka minne. Yaya huyu ndiye aliyenibeba mugongoni nilipokuwa mudogo. Mutoto wake alipenda kukaa kwenye ngazi ya depo, na alimuuliza kila muganga aliyefika na baiskeli, "Umeniletea kisamvu?" hata kama mutu amebeba boksi za sindano. Waganga walimupenda. Mumoja alimuletea kweli.

Barabara ya Goma ikafungwa. Dawa zikawa zinakuja na ndege ndogo mpaka Beni, na mimi ndiye niliyekwenda kuzichukua. Safari moja nilitoka Beni na boksi nane kwenye gari la kukodi, bila karatasi hata moja, kwa sababu nilikwisha kuapa kwamba sitatembea na karatasi. Kwenye kizuizi askari wakanishusha. Dawa za nani? Za vituo vya afya. Hati iko wapi?

"Iko kwa kichwa," nikasema. Nilizoea watu kushangaa nikisema hivyo.

Askari hakushangaa. "Basi kichwa tunakibakisha hapa."

Walisema ninapelekea dawa watu wa porini. Mwenye hati anaonyesha muhuri, anapita. Mimi nilikuwa na nini cha kuonyesha? Nilikaa wiki sita kwenye nyumba yao moja pale Beni, tumelala watu kumi na tano kwenye sakafu, na niliyoyaona humo siyasemi mbele ya watoto.

Sasa musikilize, maana hii ndiyo iliyonileta.

Katika wiki ya tatu mutoto wa yaya alishikwa na malaria ile inayopanda kichwani. Akaanza kutetemeka na kupindua macho. Kituo cha afya hakikuwa na kinini. Daktari alikuwa na ufunguo wa pili wa depo, akaifungua. Rafu tupu. Alitafuta chini ya meza, alipanda akatafuta kwenye dari, alitikisa kila boksi. Yaya alisimama mule ndani, mutoto mikononi. Alichoka kusimama, akaegemea ukuta. Ukuta mweupe wa mwisho.

Mutoto alikaa siku tatu, akafa.

Waliponiachilia nilirudi kwa miguu, siku mbili. Yaya ndiye aliyenifungulia mulango. Alinipikia bugali, akaketi karibu yangu, akaniambia, "Kama ungekuwa hapa ungetafuta dawa fasi yoyote. Hapana kosa yako." Mimi nilikuwa nakula. Ndiyo, nilikula mpaka nikamaliza.

Kesho yake nilivunja ukuta. Kinini boksi kumi na moja, kavu, safi, hakuna hata moja iliyopasuka. Nikazihamishia kwenye rafu za mbele, nikatangaza kwamba zimefika kutoka Beni. Daktari aliona mbao zimelala chini. Mwezi ule akaomba kuhamishwa. Na nyinyi, katika kanisa hili, mulisimama mukamushukuru Mungu kwa ajili yangu, mutu aliyefungwa kwa sababu ya dawa za wagonjwa. Nilisimama pamoja nanyi, nikasema amina.

Miaka iliyofuata nilikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Wengine munakumbuka nilivyolala kwenye mitaro. Mulisema ni mateso ya kifungo. Nikawaacha museme.

Vita vilipopoa kidogo, watu wa muradi mumoja wa dawa walifika na magari meupe. Walileta fishi, vifurushi na vifurushi, kabla hawajaleta kidonge kimoja. Tulikuwa na karatasi nzuri za kuandika kwamba hatuna kitu. Sitawasifu kwa hilo, na wasifikiri tumesahau. Kisha wakatuita Beni kwa mafunzo ya siku tano. Nilikaa kwenye benchi moja na waganga vijana, mimi mwenye miaka arobaini, nimeshika kalamu kama jembe.

"Papa," akasema binti mumoja, "kalamu hailimi."

Wakacheka. Nilitaka kuondoka. Aliyenizuia ni yule mubeba magunia ndani yangu, maana huyo hajui kushusha muzigo katikati ya njia.

Mufundishaji alikuwa mwanamuke wa umri wa binti yangu wa kwanza. Alitufundisha kuhesabu kwa mukono kila mwisho wa mwezi, si kwa kukumbuka. Dawa itakayoharibika mapema ikae mbele, hata kama mupya inapendeza zaidi. Mutu ajue kituo kinatumia ngapi kwa mwezi, ili aombe kabla haijakwisha. Mimi nilibisha. Siku ya pili nilisimama nikawaeleza habari ya askari aliyesoma fishi zetu na kubeba kila kitu. Waganga vijana wakageuka kumutazama mufundishaji. Nikajua nimemushinda, kama nilivyomushinda daktari.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza saa, "Na weye ulipokosekana, Papa, nani alijua dawa iko wapi?"

Nilikaa chini. Halafu nikatoka nje.

Alinikuta uani wakati wa chakula, nikamuambia yote. Alikuwa mutu wa kwanza. Sikumuomba anihurumie, na hakunihurumia. Alinipa fishi tupu akasema, "Andika. Anza na siku uliyoificha."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mubaya. Kinini. Iliingia kumi na moja. Halafu wiki moja moja ya kifungo changu: ilitoka sifuri, imebaki kumi na moja. Ilitoka sifuri, imebaki kumi na moja. Mistari sita. Kwenye mustari wa tatu niliweka kalamu chini. Akanirudishia mukononi. Nikamaliza.

Fishi ile niliipeleka Vuhovi, ambako yaya alikuwa amerudi. Alikuwa anapalilia. Hajui kusoma, nikamusomea, nikamueleza.

"Ukuta ule mweupe?" akauliza.

"Ule."

"Niliuegemea."

"Najua, yaya."

Akaendelea kupalilia. Mavuno mawili yalipita kabla ya yeye kuitika salamu yangu.

Wale askari? Walirudi, wengine, na majina mengine. Lakini tulikuwa tumepanga upya: dawa fasi moja, fishi fasi nyingine, na watu watatu wanaojua mahali pote pawili. Fishi zilikuwa zinalala kwenye pipa la unga la mama mumoja wa kwaya. Walipekua depo, wakaondoka na kidogo. Na nilipopasuliwa tumbo, nikalala mwezi muzima, dawa zilifika Alimbongo bila mimi. Iliniuma kidogo, niseme kweli.

Namushukuru mwanamuke yule wa Beni, ambaye hakunibembeleza. Namushukuru mama wa pipa la unga. Namushukuru daktari, popote alipo, na namuomba anisamehe kwa kumushinda. Kwenu nyinyi munaoshika funguo, za depo, za gala, za kanisa hili, nasema hivi: unachokijua peke yako, andika, na umuonyeshe mutu. Usiseme una kichwa kizuri. Mimi nilikuwa nacho, hakikukosea hata siku moja, na kilikuwa Beni.

Musinipigie makofi. Yaya anajua niko hapa leo. Aliniambia, "Useme yote, usijipunguzie."

Leo niko na nyumba ya matofali ya vyumba vitatu. Niko na shamba la kahawa, mbuzi sita, baiskeli moja, na miwani niliyonunua Beni. Niko na ufunguo mumoja wa depo. Zile zingine mbili ziko kwa wengine. Niko na muke na watoto watano, wote wanasoma kunishinda. Niko na yaya mumoja. Jumapili, nikitoka hapa, naenda kwake Vuhovi, ananipikia, tunakula. Jina la binti yake hajalitamka tena mbele yangu, na mimi sijamuomba alitamke.