Sentimita Tano za Mlango wa Clem

Benchi letu liko ukingoni mwa uwanja wa kijiji, mgongo kwa kanisa, uso kwa nyumba ya Clem Tuffnell. Kila asubuhi Bi Redio, anayejua habari kabla ya mleta barua, huja na chupa ya kahawa. Admirali, ambaye miaka yake yote ya jeshi la maji aliimalizia jikoni akimenya viazi, huja na biskuti. Profesa, aliyekuwa mfagizi wa shule na akasoma kila kitabu kilichosahaulika madarasani, huja na ubishi. Mimi huja na masikio. Nyumba ya Clem ina miaka mia tano na ushee: fremu ya mwaloni, lipu ya chokaa, ghorofa iliyotokeza juu ya njia kama mtu anayeinama kusikiliza. Inalindwa na sheria; hata msumari huupigilii bila kibali. Jumanne ile Clem alikuja na barua mkononi, akaketi bila kutusalimia.

— Wamekataa, akasema.

— Wamekataa nini? akauliza Admirali.

— Mlango, bwana. Nimewaomba ofisi ya majengo ya kale ruhusa ya kuupanua, wiki sita sasa.

Tulikuwa tunajua sote. Mkewe, Avis, alipigwa na kiharusi mwanzoni mwa vuli, na Alhamisi hospitali ilikuwa inamrudisha, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kiti kina upana wa sentimita sitini na sita. Mlango una sitini na moja.

— Sentimita tano tu! akasema Bi Redio. Watu wazima, ofisi nzima, wananyimana sentimita tano?

— Huku mbele ukuta unabeba ghorofa, nyuma kuna ngazi saba za mawe, akasema Clem. Nilitaka wachonge mwimo mmoja tu, ule mti wa ubavuni mwa mlango. Soma mwenyewe, Profesa.

Profesa akavaa miwani. Akasoma kimoyomoyo, kisha akakohoa.

— Wanasema miimo isiguswe, kwa kuwa, "kama wenyeji wanavyosimulia", ni mbao za meli ya kivita.

Admirali akajinyoosha kama aliyevishwa nishani.

— Si nilisema? Miaka yote nawaambia, ile ni meli! Tazama yale matundu. Risasi za mizinga zile.

— Matundu ya vigingi, wewe, akasema Profesa. Na bahari iko maili arobaini kutoka hapa. Nani aliiburuta? Ng'ombe?

— Sasa hao wenyeji ni akina nani? akauliza Clem.

Mimi nilimkumbuka yule bwana mwenye daftari, kiangazi cha mwaka themanini na nne, alipokuja kuandikisha nyumba za kulindwa. Alikaa papa hapa. Tulimmiminia kahawa, Admirali akampa hadithi yake ya meli, naye akaiandika. Clem pia alikuwepo, alikuwa akitabasamu.

— Basi tuwape hadithi nyingine, akasema Bi Redio. Andika rufaa, Clem. Waambie mlango ulikuwa mpana, ukafinywa zamani ili mtoza kodi akwame tumbo.

— Afadhali mimi, akasema Profesa. Zile alama za moto kwenye mwimo ziliwekwa kuzuia wachawi. Mchawi hapiti mlango usiozidi urefu wa ufagio wake ukilazwa. Kwa hiyo ule mwembamba ni mtego.

— Na mchawi akiingia kwa ubavu? akauliza Admirali.

— Ufagio haupindi, bwana!

— Mnakosea wote, akasema Admirali. Ulifinywa ili mauti asiingie. Mauti ana mabega mapana.

— Mama yangu wee, mauti ana mabega? akauliza Bi Redio.

— Yule aliyemchukua baba yangu alikuwa nayo.

Tulicheka kidogo, kwa uchovu, kama watu waliokwisha kuchekea jambo hilo hilo miaka mingi. Bi Redio akaona kwamba Clem hacheki.

— Clem, baba, kuna dirisha la juu. Si linatolewa fremu? Waje na winchi, wampandishe Avis taratibu.

Clem akaikunja barua mara mbili.

— Kwenye dirisha lile tulimtolea mama. Jeneza halikupinda kwenye ngazi. Nilikuwa chini, nimeshika kamba. Sitaki Avis aingizwe alikotolewa mama.

Kahawa ikamiminwa tena, nusu nusu. Gari dogo likasimama mbele ya nyumba, akashuka mwanamke mwenye begi la hospitali na tepu ya kupimia. Akapima mlango, akapima tena, kisha akavuka majani kutujia.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Naitwa Rupinder. Napima nyumba za wagonjwa kabla hawajarudi. Nani Bwana Tuffnell?

— Mimi, mwanangu. Najua. Sentimita tano.

Kisha wenzangu wakammwagikia maneno. Admirali akampa meli, Profesa akampa ufagio, Bi Redio akampa mtoza kodi. Yeye alisikiliza yote kwa adabu, akiviringisha tepu kidoleni. Walipoishiwa pumzi akamgeukia Clem.

— Mkeo mwenyewe amesema anataka kuishi wapi?

Upepo ulipita uwanjani. Admirali akaangalia biskuti zake. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua.

— Anaongea sasa, akaendelea Rupinder. Polepole, lakini anaeleweka.

— Naenda kila siku, akasema Clem. Tunazungumza habari za mlango. Mimi nazungumza.

— Na yeye?

Clem akaunyoshea mlango kidole.

— Kila baridi alikuwa akiziba nyufa za mlango ule kwa soksi zangu kuukuu. Miaka hamsini na moja. Nilikuwa nikimtania.

Bi Redio akaitikisa chupa. Yalibaki matone, akayamimina kwenye kifuniko, akampa Clem. Hakunywa. Alikishika kifuniko kwa mikono miwili mpaka basi la mjini lilipotokea kwenye kona ya kanisa, ndipo akakirudisha na matone yake vile vile, akaenda kulipungia mkono limpeleke hospitali, safari hii kuuliza.

Barua aliiacha kwenye benchi. Profesa aliiokota, akaifungua, akaikunja tena. Tukakaa tukiutazama mlango, na asubuhi ile hakuna aliyeutungia hadithi.