Vitu Thelathini na Tisa Kwenye Ramani

Siku ile kijiweni walikuwepo Mama Kahawa na birika lake, Fundi Cherehani, Mzee Redio ambaye hakuna habari asiyoijua, na Mama Ramani na kichanga chake. Mjane wa Mzee Wino alikuja baadaye. Benchi liko chini ya ngazi za ofisi ya wapima ardhi, na Mama Ramani ndiye mchoraji wa ofisi hiyo. Alishuka na kompyuta kifuani, mtoto mgongoni, uso umemshuka. Fundi akasogea bila kuambiwa. Mama Kahawa akampokea mtoto kabla salamu hazijaisha, akammiminia mama mtu kikombe ingawa zamu haikuwa yake.

Walipombana akasema. Ramani ya mtaa inatakiwa idara ya ardhi kabla ya saa tisa. Wiki iliyopita ilirudishwa, kwa sababu programu inahesabu vitu thelathini na tisa visivyoonekana. Mkuu wa ofisi ameagiza vifutwe. Ikirudishwa tena, mkataba wa Mama Ramani hautaongezwa. Na faili lenyewe kalirithi kwa marehemu Mzee Wino, aliyemfundisha kazi wakati yeye ni mfagizi tu aliyeishia darasa la saba. Kila mchana mzee yule alimwachia kiti, akaenda kusimama dirishani, ili amwache ajaribu mkono bila kutazamwa. Sasa afute vitu vyake bila kujua ni nini? Je, kama ni mipaka ya viwanja vya watu?

Akafungua kompyuta, akavichagua vyote. Visanduku vya buluu vikachomoza juu ya uwanja wa stendi, mahali ambapo ramani haikuonyesha chochote.

— Dhahabu hiyo, Fundi akasema. Wino alikuwa kimya mno. Mtu kimya namna ile ana alichofukia.

— Angekuwa na dhahabu asingevaa suruali ulizomtilia viraka wewe, Mama Kahawa akamjibu.

Mzee Redio akakohoa, ishara kwamba taarifa inaanza. Kwa maelezo yake, yale yalikuwa mahandaki. Yanaanzia stendi, yanatokea nchi jirani, na wachora ramani wote wameapishwa wasiseme. Fundi alipotaka kujua nani kamwambia, alijibiwa kwamba vyanzo havitajwi. Kahawa ilipozunguka mara ya pili mahandaki yakapata treni, na treni ikapata abiria waliokwisha kuzikwa. Mama Ramani alicheka hadi akapangusa macho, kisha akatazama saa, kicheko kikamwishia.

Ndipo akapita mjane wa Mzee Wino na kikapu chake. Wakamwamkia, wakampisha akae. Mama Ramani akamweleza taratibu, kwa haya, kana kwamba anamsema marehemu. Bibi akatabasamu.

— Yule kufuta alikuwa hajui, mwanangu. Kazi kaizoea ya karatasi. Akiambiwa atoe kitu, anapaka dawa nyeupe juu yake, anaendelea. Vichupa vyake ninavyo hadi leo.

— Lakini hii ni kompyuta, bibi.

— Unadhani kompyuta ilimbadilisha?

Mama Ramani akabofya kitu kimoja, akaangalia rangi yake. Nyeupe. Nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Akavichagua tena vyote, akavigeuza vyeusi.

Nyumba zikatokea. Ulikuwa mtaa wa zamani, ule uliobomolewa kupisha stendi. Kila nyumba iliyovunjwa, ofisi ilimwambia Mzee Wino aitoe kwenye ramani, naye akaipaka nyeupe.

Redio akasahau treni zake. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

— Hii yenye kona ni ya kwetu. Kaka yangu alianguka toka kwenye paa hili.

Fundi aliitafuta baraza alikojifunzia kushona, akaipata. Mama Kahawa alikiona kichochoro alichokuwa akipita na ndoo, akamwonyesha mtoto, akamnong'oneza jinsi maji yalivyokuwa yakimmwagikia miguuni. Kidole cha bibi kilisimama kwenye nyumba ya vyumba viwili, mwisho wa kichochoro, na hakuna aliyemharakisha.

— Si mipaka ya mtu, Mama Ramani akasema mwishowe. Inabidi nivifute, bibi. Nisipovifuta, kazi sina.

— Futa, mwanangu. Una mtoto wa kulea.

Bibi akainua kidole.

— Ila niambie kitu kimoja. Ukivifuta, vinakwenda wapi?

Fundi akamgeukia Redio, na Redio hakuwa na taarifa. Mama Kahawa akaliinamisha birika kwenye kikombe cha bibi, yakatoka masimbi matupu, kahawa imekwisha.

Faili safi lilifika idarani saa nane na nusu, likapokelewa. Nakala yenye nyumba nyeusi, aliyoihifadhi Mama Ramani kabla ya kufuta, ilichapwa kwenye karatasi kubwa, na bibi akaibandika chumbani kwake, upande anaolalia.